Paka wangu hudai nimfungie mvua. Wenu hufanya nini mawingu yakitanda?

Mama Karafuu ameuliza:

Wakuu, salaam. Mvua zimeanza, na vituko vya paka wangu vimeanza pamoja nazo. Nimeona nilete swali hapa kwa sababu nyumbani nimebaki nacheka peke yangu, na katika kucheka huko kuna mambo nataka kweli kuyaelewa.

Ninao wawili. Karafuu ni jike wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Sultani ni dume aliyehasiwa, wa kijivu, mnene, mpole. Wamelelewa pamoja tangu wakiwa vitoto, wanalala wameegemeana. Lakini mvua ikishuka, kila mmoja ana yake.

Naanza na Karafuu. Mvua ikishika, anakwenda mlango wa mbele, anakaa kitako na kulia. Si mlio wa njaa, ule naujua. Huu ni mrefu na unapanda mwishoni. Nikifungua ananyoosha shingo mpaka sharubu zivuke kizingiti, anatoa mguu mmoja wa mbele, tone linamdondokea, anaurudisha upesi na kuukung'uta. Kisha ananigeukia, ananitazama usoni. Halafu, na hapo ndipo ninapocheka mpaka machozi yanitoke, anainua mkia wima na kuelekea mlango wa nyuma. Nifungue! Nafungua, mvua ni ile ile. Anapima tena kwa mguu, anakung'uta, ananitazama. Kisha dirisha la chumbani. Akishamaliza kote anarudi mlango wa mbele na kuanza upya, wala hana dalili ya kukata tamaa.

Sultani hana makelele. Ikiwa ni rasharasha, anatoka barazani na kukaa pale pale yanapodondoka maji ya upenuni. Hakai ndani zaidi kuliko kukavu, hakai nje kwenye mvua; anakaa mpakani. Anainua mkono, anagonga tone, analamba mkono, anangoja la pili. Mvua ikikatika anashuka uani kunywa maji ya dimbwi, na bakuli lake ndani nimelisugua asubuhi ile ile, lina maji safi hata hajayagusa. Lakini ngurumo ikilia tu, humwoni. Yuko uvunguni, kona ya mwisho kabisa, na hatoki hata baada ya kimya kurudi.

Jioni ya siku ya mvua wote wawili hushikwa na mbio. Sebuleni mpaka jikoni, juu ya kiti, chini ya meza, wanateleza kwenye kona, wanarudi. Hakuna anayemfukuza mwenzake, wanakimbia tu. Na mvua ikishakatika Karafuu hutoka na kupitia kila kitu kwa shavu lake: mwimo wa mlango, nguzo, ndoo, kiatu kilichoachwa nje. Haruki hata kimoja.

Tena lipo lile la kabla ya mvua. Mbingu bado nusu ni nyeupe, mimi sisikii lolote, nao wamelala. Ghafla vichwa viwili juu, masikio upande mmoja. Haupiti muda mrefu, upepo unageuka.

Kwa hiyo naomba kusikia kwenu. Wanajuaje mapema? Kwa nini Karafuu anaamini mlango wa pili una hali ya hewa yake? Kwa nini dimbwi na si bakuli? Na Sultani kule uvunguni, anateseka au ana amani yake?

---

Kijana wa Ghorofani:

Mama Karafuu, wangu anaitwa Pamba na hatoki nje kabisa, kwa hiyo mvua yake yote ni ya dirishani. Anachagua tone moja juu kabisa ya kioo, analifuata kwa macho likiteremka, likikutana na jingine na kukimbia kwa ghafla naye anaruka kulikamata. Likifika chini linapotea. Anaangalia nyuma ya pazia, anaangalia chini ya fremu, mara nyingine anakwenda hadi chumba kingine kulitafuta.

Nilichokiona mimi ni kwamba akilisogelea sana analikosa kabisa, sharubu zinakwenda mbele zinagusa kioo na mkono unapiga pembeni. Akikaa mbali kidogo analenga sawasawa. Hii ni ya Pamba peke yake au paka wote?

---

Nesi wa Wanyama:

Mama Karafuu, umeeleza vizuri mno, mpaka majibu mengine yamo humo humo ndani ya swali. Nimeuguza wanyama kwa miaka mingi na paka ndio nilionao moyoni, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Kijana, nianze na lako kwa kuwa ni fupi. Ni paka wote. Jicho la paka limeumbwa kushika kinachosogea, hasa kwenye mwanga hafifu, lakini kitu kikiwa karibu zaidi ya sentimita 25 hivi hakioni sawasawa, kinakuwa ukungu. Hapo anaachia sharubu kazi. Ndiyo maana umeona zinakwenda mbele: anapapasa kioo kwa sharubu akitafuta mwili wa kile kitu. Kwenye panya atahisi manyoya. Kwenye tone lililo upande wa pili wa kioo hapati kitu, basi anapiga kwa kubahatisha. Pamba hana kasoro yoyote.

Sasa vichwa kuinuka kabla ya mvua. Sikio la mtu mzima wa afya, tena kijana, hufikia mitetemo 20,000 kwa sekunde. La paka huvuka 60,000. Na kila sikio hugeuka peke yake karibu nusu duara, likatafuta sauti ilikotoka bila kichwa kusogea. Mvua inayokufikia wewe ilishaanza kwa wengine, inapiga majani na mapaa yao, na upepo unaoitangulia unaleta harufu ya udongo uliolowa. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walipiga picha za kasi kubwa sana na kuonyesha jambo zuri: tone likiangukia udongo mkavu linabana vipovu vya hewa chini yake, vipovu vinapanda na kupasuka juu ya tone, vikirusha chembe ndogo mno zenye harufu. Manyunyu hurusha chembe nyingi kuliko mvua ya kumwaga. Mpe paka upepo wenye chembe hizo, naye ana pua kali kuliko yetu mara nyingi na kiungo cha pili cha kunusia juu ya kaakaa. Sioni ajabu akijua kabla yako. Ukimwona amefungua mdomo kidogo, ametazama mbali kama aliyeshangaa, hajashangaa. Anapeleka harufu kwenye kiungo hicho.

Mguu unaopima: chini ya mguu wa paka hakuna manyoya, kuna ngozi iliyojaa neva, nyingine za kuhisi mtetemo wa ardhi. Tone moja la baridi hapo ni habari nzito. Na ana sababu ya kuogopa kulowa. Joto la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Hali ya hewa ambayo mwili wake haufanyi kazi ya ziada kujipasha wala kujipoza ni kati ya nyuzi 30 na 38, ambayo sisi tungekuwa tunajipepea. Kinachomkinga ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya ya chini, yale laini. Maji yakipenya, hewa inatoka, manyoya yanashikamana na ngozi, mnyama anapoa, anakuwa mzito, na kazi ya kujikausha kwa ulimi inamngojea. Wazee wao walitoka nchi kame: uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007, uliolinganisha paka 979 wa nyumbani na wa mwituni, ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, *Felis lybica*. Koti walilotuletea halikushonwa kwa mvua nyingi. Wapo jamaa zao wa mbali wasiojali. Kule Asia kuna paka mvuvi anayeingia mtoni na kuvua samaki, na kati ya paka wa nyumbani kuna kabila la Turkish Van linalosifika kwa kuogelea. Karafuu si wa huko.

Kukutazama usoni baada ya kupima: paka wazima ni nadra kuliana "nyau" wao kwa wao. Mlio ule wanautumia kwa watu, kwa sababu umewajibu. Ukilia mlango unafunguka, ukilia chakula kinakuja. Mtu anayeweza kuondoa mlango anaweza pia kuondoa kilicho nyuma yake. Kwa Karafuu hilo linafuatana vizuri kabisa, na hajapata bado ushahidi wa kutosha wa kukataa.

Shavu kwenye kila kitu baada ya mvua: mashavuni, kidevuni, kwenye paji na mzizi wa mkia paka ana tezi za harufu. Kila anapojisugua anaacha alama inayosema hapa ni kwangu. Mvua huziosha. Akitoka anakuta mtaa wake haumtambui, basi anauandika upya, nguzo kwa nguzo. Kiatu chako pia kimo kwenye orodha ya mali zake, na nadhani ufurahi.

Mbio za jioni: paka huwinda hasa magharibi na alfajiri. Amelala mchana kutwa kwa sababu ya mvua, saa ya kuwinda inagonga, na hana pa kwenda. Nguvu lazima zitoke. Chukua kamba yenye kitambaa mwishoni, ivute chini ya zulia, iache ipotee, irudi. Mwachie aikamate mwishoni, kisha mpe chakula. Atajilamba na kulala.

Hilo la mlango wa pili sina jibu lake. Nawaachia wengine.

---

Mzee wa Bustani:

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi sina elimu ya wanyama, nina bustani na paka mzee mweusi anayefuatana nami humo. Niseme mawili.

La kwanza, huyu wangu akipitisha mkono nyuma ya sikio mara nyingi, mvua iko njiani. Nimeliona hilo maisha yangu yote, na wazee wangu walilisema. Nesi hukuligusa.

La pili ni la mlango. Binti yangu Mama Karafuu, mvua hainyeshi sawa pande zote za nyumba. Mtu anayepanda mboga karibu na ukuta analijua hili vizuri. Upepo ukitoka upande mmoja, ukuta wa upande huo unalowa hadi juu, na ule wa nyuma yake chini yake panabaki pakavu, kwa upana wa hatua moja au mbili, mpaka inabidi nimwagilie maji siku ya mvua. Paka wangu anapajua mahali hapo kuliko mimi. Simama milangoni yako miwili mvua ikinyesha kwa upepo, utazame chini na si juu. Huenda Karafuu anauliza swali la maana.

---

Nesi wa Wanyama:

Shikamoo mzee wangu. Hilo la sikio linasemwa nchi nyingi. Wajapani nao wana msemo kwamba paka akinawa uso mvua itanyesha. Siwezi kukukatalia ulichokiona kwa macho yako. Nitasema tu kwamba paka hujilamba na kujipangusa mara nyingi kila siku, kiangazi na masika. Siku iliyonyesha tunakumbuka kwamba alijipangusa, siku kavu tunasahau. Ukitaka kupima, andika kila unapomwona anapangusa sikio, kisha andika kama ilinyesha, bila kuchagua siku. Mimi binafsi naamini masikio kuliko mkono unaoyapangusa: akiyasimamisha upande mmoja na asiyarudishe, anua nguo.

Na paka mzee anayejipangusa sikio moja tu kila mara, mchungulie ndani. Ukiona uchafu mweusi kama kahawa iliyosagwa, ni utitiri wa masikio, na dawa yake ipo.

La mlango limenifurahisha sana. Sikuwahi kulifikiria.

---

Mwalimu wa Fizikia:

Nimekuja kwa ajili ya Sultani na matone. Ninyi mmeangalia mkono, mimi naomba muangalie ulimi wake akinywa dimbwini, kwa sababu ni moja ya mambo mazuri kabisa mtakayoyaona nyumbani bila kulipa chochote.

Mbwa hukunja ulimi na kuchota. Paka hachoti. Anakunja ncha ya ulimi kwa nyuma, uso wa juu wa ncha unagusa maji kidogo tu bila kuzama, kisha anauvuta juu kwa kasi. Maji yanaufuata, yanapanda kama mnara mwembamba. Mvutano wa dunia unataka kuurudisha chini, mwendo ulioupata unataka kuupeleka juu, na katika kile kitambo ambacho nguvu hizo mbili zinalingana paka anafunga taya na kukata kipande cha juu cha mnara. Hufanya hivyo mara nne hivi kwa sekunde. Kidevu kinabaki kikavu na sharubu hazilowi. Kwa mnyama ambaye hataki maji mwilini, hakuna namna bora ya kunywa.

Jambo hili lilielezwa kwenye jarida la *Science* mwaka 2010, na lilianzia nyumbani: Roman Stocker, mhandisi wa MIT, alikuwa akimtazama paka wake Cutta Cutta akinywa, akajiuliza anafanyaje. Yeye na wenzake waliporudi na kamera wakaona paka wakubwa, simba na chui, wanafanya vile vile ila polepole zaidi, kwa sababu ulimi mkubwa unainua mnara mkubwa na mnara mkubwa unachelewa kuanguka.

Sasa kwa nini dimbwi? Dimbwi ni pana, sharubu hazigusi ukingo. Halina harufu ya sabuni ya kuoshea bakuli. Halijawekwa kando ya chakula. Na uso wake unatikisika kila tone linapoanguka, kwa hiyo macho ya paka yanajua hasa maji yanaanzia wapi, wakati maji yaliyotulia kwenye bakuli hayampi dalili yoyote mpaka pua iguse. Jaribu bakuli pana, liweke mbali na sahani yake, lisuuze kwa maji mengi.

Ila chunga dimbwi la mahali magari yanapoegeshwa. Kimiminika cha kupozea injini kikivuja humo, kiasi kidogo sana kinaharibu figo za paka na kumuua.

---

Mama Karafuu:

Jamani, asanteni. Nimesoma yote na kuyarudia. Mzee wangu, shikamoo, na naanza na lako kwa sababu nimelifanyia kazi.

Leo ilinyesha kwa upepo wa kutoka mbele. Karafuu alipolia nikafungua mlango wa mbele, na badala ya kumtazama yeye nikatazama chini. Baraza lote limelowa hadi kwenye kizingiti, matone yanaruka mpaka ndani. Tukaenda nyuma. Wallahi, chini ya ukuta kulikuwa na mkanda mkavu, vumbi bado vumbi, unaanzia kizingitini unafika kwenye tangi la maji. Karafuu akapima kwa mguu, safari hii hakukung'uta. Akatoka! Akautembea ule mkanda mwanzo hadi mwisho, mwili umebana ukutani, akapanda juu ya tangi chini ya upenu akakaa anatazama mvua ikinyesha hatua moja mbele yake. Sikuwahi kumwona na uso ule, mtulivu hivyo, macho nusu yamefungwa. Nilisimama naye mpaka miguu ikaniuma.

Kwa hiyo anaposhindwa huku na huku, ni siku ya mvua iliyonyooka, isiyo na upepo. Milango ile mingine ina sababu. Hata dirisha la chumbani lina kibati juu yake, na kukiwa na upepo wa ubavuni kingo yake inabaki kavu. Mwanamke anajua nyumba hii kuliko mimi mwenye funguo.

Bakuli pana nimeliweka dirishani mbali na chakula. Sultani alilinusa, akaingiza mkono, akalamba mkono, na baadaye nikamkuta anakunywa kwa ulimi. Mwalimu, ni kweli, kidevu kikavu kabisa! Nilipiga magoti kando yake kuangalia, hakujali.

Wasiwasi wangu umebaki kwa Sultani huyo huyo. Ngurumo zilirudi usiku, akaingia uvunguni, na mimi nikajaribu kumtoa nimbebe. Alinikaza kucha. Tena yeye haja zake zote ni za nje. Siku za mvua mfululizo sijui anaendaje. Trei ya mchanga ninayo moja, iko barazani, na siku kama ya leo inajaa maji.

---

Mlezi wa Wengi:

Mama Karafuu, hilo la uvunguni nalijibu mimi, nimekaa na paka waoga wengi.

Usimtoe. Uvungu ndio dawa yake. Pana giza, pamefunikwa juu, pana ukuta nyuma, na sauti inafika imepungua. Ukimvuta unamwonyesha kwamba hata pale si salama, na ngurumo ijayo atatafuta mahali ambapo mkono wako haufiki, kama nyuma ya jokofu au juu ya dari. Mwekee huko huko shuka lako la zamani ambalo halijafuliwa, lina harufu yako. Funga pazia ili mwanga wa radi usiingie. Kisha kaa chumbani humo fanya shughuli zako, ongea kwa sauti yako ya kila siku. Akitoka mwenyewe kuja kwako, mpapase. Asipotoka, mwache.

Umeuliza kama ana amani. Mchungulie bila kumsogelea. Akiwa amelala ubavu au amekunja mikono chini ya kifua, yuko salama, anangoja tu. Akiwa amejikunyata, mboni za macho zimetanuka, masikio yamelala, anapumua kwa kasi, huyo ana hofu ya kweli na unyamaze kabisa. Kinachonitia wasiwasi si saa anazokaa huko, ni chakula. Umesema ni mnene. Paka mnene akikaa siku mbili bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na anaweza kuugua vibaya. Sogeza sahani karibu na kitanda.

Kwa wenye magari, wakati wa mvua paka wa nje hupanda kwenye injini kufuata joto. Gonga boneti kabla ya kuwasha.

---

Nesi wa Wanyama:

Nakubaliana na Mlezi kwa kila neno. Naongeza la haja, kwa sababu ndilo ambalo lingeniamsha usiku.

Paka dume ana njia nyembamba sana ya mkojo. Akibana kwa muda mrefu kwa sababu nje kumelowa, na juu yake akawa na hofu na hanywi maji ya kutosha, kibofu huvimba na chembe au ute unaweza kuziba njia. Kuhasiwa hakumkingi. Ukimwona anaingia na kutoka kwenye trei, anachuchumaa na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, analia, analamba sehemu zake kila mara, usingoje asubuhi. Njia ikiziba kabisa paka hufa ndani ya siku chache, na nimewaona waliochelewa kwa sababu mwenye paka alidhani ni choo kigumu.

Trei iingize ndani leo hii, na upate nyingine: paka wawili, trei tatu ndiyo kanuni tunayowaambia watu, lakini hata mbili zilizo vyumba tofauti zitakusaidia sana. Moja iwe chumba kile cha uvungu wake, ukutani, mbali na sahani na lile bakuli jipya. Mchanga uwe na kina cha sentimita tano hivi, laini, usio na manukato. Kwa kuwa amezoea udongo wa nje, changanya gao mbili za udongo mkavu wa chini ya ule ukuta wa nyuma, ataitambua harufu. Toa uchafu kila siku. Na angalia madonge ya mkojo: ya paka mkubwa mwenye afya ni makubwa, na unayaona kila siku.

Je, leo umeona amekojoa?

---

Mama Karafuu:

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Trei niliiingiza chumbani mara tu niliposoma, na udongo wa nyuma nimechanganya. Kuna donge kubwa, na nyayo za Sultani ziko pembeni, zile pana. Amefukia vizuri. Ya pili naitafuta kesho, ya Karafuu nitaiweka karibu na mlango wa nyuma.

Kijana wa Ghorofani, naye Pamba mwekee kiti mbali kidogo na kioo, sentimita thelathini hivi, utuambie kama anaanza kuyapata hayo matone.